Kompyuta ya Gemu ya Kwanza: Pesa Ikae Wapi?

MASWALI NA MAJIBU

Habari za kazi. Nimekusanya shilingi 1,500,000 kwa ajili ya kompyuta ya gemu nitakayoiunganisha mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nacheza FC, GTA V na Valorant. Monita ninayo, ni ya 1080p, Hz 75. Muuzaji ameniandikia orodha hii: prosesa ya Ryzen 7, RAM 32GB, kasha la kioo lenye feni 6 za taa, pawasaplai ya umeme "500W" inayokuja na kasha, na kadi ya grafiki GTX 1650. Nichukue? — Msomaji, Mwanza

Usichukue. Orodha hiyo imenona pale macho yanapotua na kukonda pale kazi inapofanyika. Kwenye gemu, picha unayoiona inachorwa na kadi ya grafiki. Hapo ndipo fungu kubwa la pesa linapaswa kwenda, na muuzaji wako amekuwekea kadi ya 4GB ya mwaka 2019. Taa za feni hazijawahi kuongeza fremu (picha kwa sekunde) hata moja.

Anza na monita, kwa sababu ndiyo inayokupa kikomo. Monita ya Hz 75 huonyesha picha 75 kwa sekunde. Kompyuta ikitoa 140, zinazozidi hutaziona. Kwa hiyo unachotafuta ni kadi inayoweza kushika fremu 75 kwenye 1080p bila kuyumba, na kwa gemu zako hizo tatu RX 6600 ya 8GB inatosha na kubaki. Inakula takriban 132W na inahitaji waya mmoja tu wa pini 8.

Kwa nini tunasisitiza 8GB? Kumbukumbu ya kadi ikijaa, data inahamia kwenye RAM ya kawaida na kila ikihitajika inarudishwa kupitia njia iliyo nyembamba zaidi. Wastani wa fremu unaweza kuonekana mzuri, lakini gemu inakwama kidogo kila unapokata kona. Kadi moja ya kuiogopa kwa mpango wako ni RX 6500 XT: ina 4GB na inazungumza na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) kwa njia 4 tu za PCIe (sloti ya kadi). Ukiichomeka kwenye mazabodi ya PCIe 3.0, kama B450 au A520, inapoteza nguvu waziwazi.

Kwa mgawo wa pesa, tumia kipimo hiki: katika kila shilingi 100, kadi ya grafiki ipate 38, prosesa 18, mazabodi 13, RAM 9, pawasaplai 9, SSD (diski) 7, na kasha 6. Kwa milioni moja na nusu yako, kadi inapata 570,000, prosesa 270,000, mazabodi 195,000, RAM na pawasaplai 135,000 kila moja, SSD 105,000 na kasha 90,000. Hizo si bei za dukani, maana bei ya RAM hasa hupanda na kushuka kama ya vitunguu. Ni kipimo cha kukuonya: ukiona kasha linakula 20, ujue kuna mahali pamenyang'anywa.

Prosesa iwe Ryzen 5 5600, kori 6, soketi (tundu lake kwenye mazabodi) ya AM4. Soma tarakimu na herufi kwa makini, kwani hapa ndipo watu wanapobambikwa. Ryzen 5 5500 na 5600G zina majina yanayofanana na hiyo, lakini kashe yao (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) ni 16MB badala ya 32MB na zote mbili ni za PCIe 3.0. Uliza pia kama ni ya boksi. Ya boksi huja na feni yake. Ile inayouzwa tupu, itakubidi ununue feni na pesti ya joto. Upande wa Intel, Core i5-12400F ni ya daraja hilohilo, na i3-12100F yenye kori 4 inafaa mfuko ukibana. Herufi F maana yake haina grafiki za ndani, yaani haiwezi kuchora picha bila kadi.

Utaambiwa ununue AM5 na DDR5 (soketi na RAM za kizazi kipya) kwa sababu "ndiyo ya mbele". Ni kweli, ila kwa bajeti hii tofauti ya bei ya mazabodi na RAM inakatwa kwenye kadi, na wewe unacheza mwaka huu.

Mazabodi ya B550 ndogo yenye sloti 4 za RAM inatosha. RAM iwe DDR4, vijiti viwili vya 8GB, kasi ya 3200, CL16 (muda wa kuitikia). Viwili, si kimoja cha 16GB, kwa sababu prosesa husoma vijiti viwili kwa wakati mmoja, na tofauti utaiona hasa kwenye Valorant. Ukishawasha, ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi) uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM (kwenye mazabodi nyingine huandikwa DOCP). Usipofanya hivyo, RAM uliyoilipia 3200 inaweza kukimbia kwa 2133 miaka yote na usijue.

SSD ya NVMe ya 500GB itaonekana kwenye Windows kama GB 465 hivi. GTA V peke yake inavuka 100GB, na FC nayo ni takriban hiyohiyo, kwa hiyo panga nafasi yako. Na Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya kompyuta. Kwenye BIOS ya AMD tafuta fTPM, uiwashe, zima CSM (hali ya kuwaka ya kizamani), na diski iwe imepangwa kwa GPT tangu siku ya kusimika Windows. Ujumbe wa VAN9003 ukitokea, tatizo ni hilo, si kadi.

Pesa isipofika, punguza kwa mpangilio huu: kasha la mtumba kwanza, kisha kadi ya mtumba (soma jibu la msomaji wa Nairobi), kisha SSD ndogo zaidi. Pawasaplai usiiguse. Njia nyingine ni kuanza na 5600G bila kadi, ukacheza Valorant kwa grafiki zake za ndani huku ukichanga. Lakini fahamu kwamba siku utakapoweka kadi kubwa, prosesa hiyo itabaki nyuma kidogo ya 5600.

Fundi ameniambia pawasaplai ni pawasaplai tu, mradi iwe 500W. Ya duka moja ni nyepesi kama boksi tupu na bei yake ni theluthi ya nyingine. Pia huku umeme unakatika sana. Nifanyeje? — Msomaji, Dodoma

Mwambie fundi akusomee kibandiko cha pembeni. Prosesa na kadi zinakula kwenye mstari wa 12V, na mstari huo ndio wa kupigia hesabu: ampea mara 12. Ikiandikwa 12V 18A, ni 216W, hata kama boksi limepambwa kwa "500W" ya dhahabu. Ikiandikwa 12V 36A, ni 432W, na hiyo inaaminika kwa kompyuta kama ya msomaji wa Mwanza. Prosesa yake haizidi 90W, kadi 132W, vilivyobaki 50W hivi. Jumla ni chini ya 300W, na nafasi inayobaki ni kwa ajili ya mishtuko ya muda mfupi ambayo kadi huivuta. Pawasaplai ya kweli ya 450W hadi 550W yenye alama ya 80 Plus (ya ufanisi wa umeme) inatosha.

Wepesi ulioushika mkononi ni dalili ya wazi kabisa ya ubovu. Ndani yake kapasita ni ndogo, hitisinki ni bati jembamba, na vichujio vya kuingiza umeme mara nyingi vimerukwa. Ikifa haifi peke yake.

Nyuma ya pawasaplai za bei nafuu kuna swichi nyekundu ya 115/230. Iangalie kabla ya kuchomeka chochote. Ikiwa kwenye 115 na soketi yetu ni 230V, utasikia mlio mmoja na harufu, basi. Zile nzuri zenye PFC (sakiti ya kurekebisha umeme unaoingia) hazina swichi hiyo, zinajipima zenyewe.

Kuhusu kukatika kwa umeme, UPS (betri ya dharura) ya 650VA huwa na takriban 360W hadi 390W. Soma W, usisome VA. Ukiwa katikati ya gemu itakupa dakika chache tu, za kutunza kazi na kuzima. Lakini kuna kasoro moja: UPS za bei ya chini hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi, na baadhi ya pawasaplai za PFC huzikataa na kuzima papo hapo umeme unapohamia kwenye betri. Jaribu siku ya kununua: washa gemu, kisha chomoa waya wa UPS ukutani. Kompyuta ikizima, rudisha UPS dukani na uchukue ya mawimbi laini. Umeme unaorudi kwa kishindo baada ya mgao ndio unaoua vifaa kuliko kule kukatika, kwa hiyo hata asiye na UPS aweke gadi yenye kuchelewesha umeme.

Kuna kadi ya RX 580 8GB ya mtumba, bei poa sana. Nasikia zilitumika kuchimba sarafu za mtandaoni. Niogope? — Msomaji, Nairobi

Ogopa kununua bila kuijaribu. Kadi iliyochimba na kutunzwa inaweza kuwa salama. Kinachochoka ni feni, pesti ya joto, na wakati mwingine chipu za kumbukumbu. Nenda nayo mahali penye kompyuta na fanya hivi.

Igeuze kwanza. Skrubu zilizochunika vichwa zinasema imeshafunguliwa. Zungusha feni kwa kidole: isisuguane wala kuyumba. Inusie, harufu ya kuungua haifichiki.

Ichomeke, fungua programu ya GPU-Z. Mstari wa Shaders (idadi ya viini vya kuchorea) kwenye RX 580 kamili lazima usome 2304. Ukisoma 2048, ni ile ya "2048SP", kadi dhaifu zaidi iliyovaa jina la kaka yake, na bei yake lazima ishuke. Kadi ya bandia kabisa, yaani ya zamani iliyobadilishwa BIOS ili ijitambulishe kama mpya, GPU-Z huigundua na kuandika FAKE mbele ya jina. Hii hutokea sana kwa "GTX 1050 Ti" za bei ya kutupa. Ukiona ina tundu la VGA, lile la bluu, usisumbuke hata kuichomeka.

Kisha FurMark, programu ya kuitesa kadi, dakika 15. Joto likae chini ya nyuzi 85, na kwenye picha pasitokee vidoti vya rangi, mistari wala miraba. Vikitokea, kumbukumbu imekufa na hakuna pesti itakayoiponya. Jaribu matundu yote ya picha, moja baada ya jingine. Mchimbaji huwa hayatumii, kwa hiyo hajui kama yanafanya kazi, na hata akijua hatakwambia.

Kama yote yamepita lakini kadi inazima ukiingia kwenye gemu, huenda BIOS yake bado ni ya kuchimbia. Kadi nyingi za RX 580 zina swichi ndogo ya BIOS mbili juu ya ukingo. Zima kompyuta, isogeze, jaribu tena.

Usisahau kwamba RX 580 inakula takriban 185W. Ukiongeza pesa kidogo ukapata RX 6600, unapata nguvu zaidi kwa umeme mdogo zaidi, na pawasaplai yako inapumua.

Nimepata Dell OptiPlex 9020 ndogo (SFF), i5-4590, RAM 8GB, mtumba kutoka Uingereza. Nikichomeka RX 580 si nitakuwa nimemaliza? — Msomaji, Mombasa

Kadi haitaingia. Hilo ni kasha la kadi fupi, zile za nusu kimo, na RX 580 ni ya kimo kamili. Hata ungelikata bati, pawasaplai yake ni ya 255W na haina waya wa kulisha kadi. Wala huwezi kuibadilisha kirahisi: Dell hiyo inatumia plagi ya pini 8 kwenye mazabodi, si ile ya kawaida ya pini 24, hivyo utahitaji adapta, na pawasaplai ya kawaida haienei humo.

Kinachowezekana ni kadi ya nusu kimo inayokula umeme wa sloti pekee, yaani isiyozidi 75W: GTX 1650 au RTX 3050 ya 6GB yenye 70W. Pima kwa rula unene wa nafasi iliyopo kabla ya kulipa, maana nyingi ya kadi hizo zinachukua sloti mbili.

Lakini kabla hujafika huko, fikiria prosesa. i5-4590 ina kori 4 bila nyuzi za ziada. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8. Kama bado hujalipa, rudi kwa muuzaji utafute ya kimo kirefu, ile wanayoiandika MT (HP huiandika TWR), yenye i5-8500: OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4. Hiyo ina kori 6, DDR4, na inakubali Windows 11. Weka GTX 1650 isiyohitaji waya wa umeme, ongeza kijiti cha pili cha RAM, na utacheza FC kwa heshima. Kwa asiye na pesa za kununua kila kitu kipya, hii ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote.

Nimeunganisha kila kitu (Ryzen 5 5600, B450, RX 6600). Feni zinazunguka, taa zinawaka, monita nyeusi. Nimeua nini? — Msomaji, Arusha

Pengine hujaua kitu. Fuata mpangilio huu, usiruke.

Waya wa picha (HDMI) uko wapi? Ukiwa kwenye mazabodi, hautatoa picha kamwe, kwa sababu 5600 haina grafiki za ndani. Uhamishie kwenye kadi. Barua za aina hii nyingi huishia hapa.

Tazama kona ya juu kushoto ya mazabodi: kuna tundu la pini 8 la prosesa. Likiwa tupu, feni zitazunguka na hakuna kitakachoendelea. Plagi yake hugawanyika 4 na 4. Ya kadi hugawanyika 6 na 2. Hazibadilishani, na ukihisi unalazimisha, umekosea.

RAM ikae sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Bonyeza mpaka usikie mlio. Ikishindikana, bakiza kijiti kimoja kwenye sloti ya pili. Kisha subiri dakika mbili tatu bila kugusa kitu: AM4 hujipima na RAM mara ya kwanza, na wengi huizima katikati ya zoezi hilo wakidhani imeganda.

Bado? Sasa tunashuku BIOS. B450 ilitoka kabla ya prosesa za mfululizo wa 5000, na bodi iliyokaa stoo haizitambui. Kama nyuma kuna kitufe cha Flash BIOS, pakua faili la modeli yako hasa kwenye tovuti ya mtengenezaji, liweke kwenye flashi ya FAT32, libadilishe jina kama kijitabu kinavyosema, chomeka kwenye tundu lililowekewa alama, na bonyeza kitufe hicho. Inahitaji umeme wa plagi mbili tu, ya 24 na ya 8. Umeme usikatike hapo, kwa hiyo tumia UPS, hata ya kuazima. Kama kitufe hakipo, tafuta fundi mwenye prosesa ya zamani ya AM4, kama Ryzen 5 2600, awashe nayo na kusasisha.

La mwisho ni nguzo za shaba chini ya mazabodi. Nguzo iliyobaki mahali pasipo na tundu la skrubu inagusa njia za umeme na kuleta shoti. Toa bodi nje, ilaze juu ya boksi lake la karatasi, na uguse pini mbili za PWR_SW (za kitufe cha kuwashia) kwa ncha ya bisibisi. Ikiwaka nje na kukataa ndani, umempata mwizi.

Kasha la kompyuta linanitekenya nikiligusa miguu ikiwa chini. Ni hatari? — Msomaji, Zanzibar

Waya wa ardhi wa nyumba yako haufanyi kazi. Kichujio ndani ya pawasaplai humwaga umeme mdogo sana kwenye bati la kasha, na umeme huo ulitakiwa uondoke kwa pini ile ndefu ya plagi. Usipopata njia, unapitia kwako. Mwenyewe ni mdogo, ila siku pawasaplai itakapoharibika vibaya hakuna kitakachokukinga. Ita fundi umeme apime ardhi ya soketi, na usitumie ekstensheni ya pini mbili. Usichomeke waya wa HDMI wa televisheni kompyuta ikiwa imewashwa mpaka hilo liishe, matundu ya HDMI huungulia hapo.

Shemeji yangu anakuja kutoka Dubai mwezi ujao. Nimwagize nini? — Msomaji, Tanga

Vidogo vya thamani: prosesa, RAM, SSD, na kadi ya grafiki ikiwa nafasi ipo. Kadi ibebwe kwenye begi la mkononi, ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Prosesa ya AM4 ina pini chini, ibaki kwenye kikasha chake cha plastiki. Kasha na monita nunua hapa, uzito wake haulipi. Pawasaplai ya kule inafaa kwetu, umeme ni wa 230V na plagi ni ileile ya pini tatu, lakini ni nzito. Mwambie atunze risiti: dhamana mara nyingi inadaiwa pale kilipouzwa, kwa hiyo kila kifaa kijaribiwe siku kinapofika, shemeji akiwa bado hajarudi.